Jumba la Bure la Bi Sponji

Wateja ndio waliomwita Bi Sponji, naye hakulikataa jina hilo, maana kila jioni alirudi nyumbani na vipande vya sponji vimemganda kwenye nywele, mabegani, mara nyingine hata ndani ya viatu. Alikuwa fundi wa makochi. Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati kilichoegemea ukuta wa duka la dawa, na ndani yake mlikuwa na meza moja ndefu, marobota ya vitambaa, na rundo la springi zilizotolewa kwenye makochi yaliyokwisha kufa na kuzikwa. Akiwa kazini alibana misumari midogo kwa midomo, akawa anaichomoa mmoja mmoja kwa vidole na kuipiga nyundo. Kwa hiyo ukimsemesha alikujibu "Mm" tu. Wateja wake wa siku nyingi walijua "Mm" ipi ni ndiyo, ipi ni hapana, na ipi ni "bei hiyo kampelekee fundi mwingine".

Mume wake alikuwa mpishi wa hospitali. Watu wote walimwita Shefu, kuanzia wauguzi mpaka walinzi wa getini, ingawa kazi yake ilikuwa kuwapikia chakula kisicho na chumvi watu wasio na hamu ya kula. Walikuwa na mabinti wawili wa shule, na waliishi nao pamoja na mama yake Shefu, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, katika vyumba vitatu vya kupanga. Jikoni kwao kulikuwa kwenye kiushoroba. Shefu alipotaka kukaanga kitu ilibidi afungue mlango wa nje ili kiwiko chake kipate pa kwenda.

Sasa, kiwanda kilichotengeneza gundi aliyoitumia Bi Sponji kilianzisha bahati nasibu. Ndani ya kila kopo mlikuwa na kadi ya kukwangua, na namba yake uliituma kwa simu. Bi Sponji alimaliza makopo mengi kuliko fundi yeyote wa mtaa ule, na kila kopo likiisha alituma namba bila hata kufikiri, kama mtu anayefuta pua. Kisha akasahau.

Siku moja asubuhi simu ikalia. Sauti ya kijana ikasema, "Hongera sana, mama! Umeshinda nyumba!"

"Na mama yako anajua unafanya kazi hii?" Bi Sponji akamuuliza, akakata.

Simu ikalia tena. "Mama, tafadhali usikate. Mimi ni ofisa masoko wa kiwanda cha gundi."

"Haya, ofisa. Unataka nikutumie namba ya siri ya pesa zangu au unataka nikutumie pesa zenyewe kabisa?"

Akakata tena. Mara ya tatu hakumpa hata nafasi ya kusalimia. "Sikiliza, mwanangu. Mimi nyumba sitaki. Nataka kochi la watu liishe leo. Nenda kawaibie wasio na kazi."

Basi kesho yake, jua likiwa limeanza kuunguza mabati, lori lenye vipaza sauti likasimama mbele ya kibanda. Wakashuka wapiga tarumbeta, wapiga picha, wasichana waliovaa fulana zenye picha ya kopo la gundi, na nyuma yao kijana mwembamba mwenye tai, ambaye alimtazama Bi Sponji kwa woga kidogo. Alikuwa amebeba ufunguo wa kadibodi mrefu kuliko yeye. Mwenye duka la dawa akatoka mbio, wateja wakamfuata. Mtangazaji akamsogezea Bi Sponji kipaza sauti mdomoni, akamuuliza mbele ya nchi nzima anajisikiaje.

Bi Sponji alikuwa na misumari kumi na kitu mdomoni.

"Mm," akasema.

Ndivyo alivyoonekana kwenye televisheni jioni ile: macho yamemtoka pima, mashavu yamevimba, na hilo "Mm" lake. Mabinti zake walicheka mpaka wakashika mbavu, na kwa muda mrefu baadaye, ukiwauliza kama wameshiba, walikujibu hivyo hivyo.

Nyumba yenyewe haikuwa nyumba, lilikuwa jumba. Lilikuwa juu ya kilima, ndani ya mtaa wenye ukuta na geti, na ngazi zake zilikuwa za kioo. Lilikuwa na vyumba saba vya kulala, bwawa la kuogelea lenye umbo la figo, na sebule ambayo ukisema neno linakwenda mpaka ukutani na kukupitia tena likirudi. Bibi alilizunguka lote, fimbo yake ikigonga marumaru, akihesabu milango.

"Vyoo vitano," akatangaza alipomaliza. "Sisi tuko watu watano. Kwa hiyo hapa mtu haruhusiwi kuumwa tumbo chooni kwa mwenzake."

Yule ofisa masoko, wakati wa kuagana, alimvuta Bi Sponji pembeni akasema kwa sauti ya chini, "Kuna mambo madogo madogo ya kodi na uhamisho wa hati, mama. Mna miezi mitatu. Tutazungumza ofisini." Bi Sponji akaitikia kwa kichwa. Siku hiyo hata angeambiwa kuna simba chumba cha juu angeitikia kwa kichwa.

Wakahama kwa gari dogo la mizigo, safari moja tu. Walipopanga vitu vyao vyote sebuleni, vilikaa kwenye kona moja vikiwa vimesogeleana kama abiria wanaosubiri basi. Mabinti walipanda na kushuka ngazi za kioo wakiimba. Bibi alichagua chumba chenye dirisha la kuangalia geti ili ajue nani anaingia na nani anatoka. Bi Sponji alilala chali sakafuni akaangalia dari iliyokuwa mbali naye kwa namna ambayo hakuwa amewahi kuona dari ikiwa mbali.

Lakini aliyenaswa kabisa alikuwa Shefu. Jikoni kulikuwa na dirisha pana, sinki mbili, meza ya mawe katikati, na jiko la chuma lenye mafiga sita na tanuri la kumeza mbuzi mzima. Shefu alisimama mbele yake. Akagusa kitufe kimoja, akagusa kingine. Halafu akageuka upesi akajifanya anatafuta swichi ya taa, na mke wake, aliyemjua vizuri, akajifanya hakuona uso wake.

Wiki za kwanza zilikuwa za raha tupu, na hilo lazima lisemwe, kwa sababu baadaye watu walipenda kusimulia kama vile familia ile haikufurahi hata siku moja. Walifurahi. Shefu alipika kama mtu aliyetolewa kifungoni. Alioka mikate, alioka kuku, alitia chumvi. Mabinti walijifunza kuogelea kwa kushikilia vipande vya sponji vya mama yao. Bibi aliingiza miguu kwenye maji ya bwawa akakaa hapo mpaka ngozi ikajikunja, akisema magoti yake yamerudi usichana.

Kisha akaja msimamizi wa mtaa. Alikuwa mtu mpole, suruali yake imenyooshwa mpaka ikasimama yenyewe, na kila sentensi yake ilianza na "samahani". Samahani, kuna ada ya walinzi. Samahani, kuna ada ya taka, ya taa za barabarani, ya maua ya kwenye mzunguko. Samahani, nyasi zikivuka kifundo cha mguu kuna faini. Alipokwenda zake, Bi Sponji alijumlisha kwa vidole akakuta ada za mwezi mmoja za mtaa ule zinazidi kodi ya mwezi waliyokuwa wakilipa kule kwenye vyumba vyao vitatu.

Bwawa nalo lilikuwa na pampu, na pampu ilikunywa umeme kama ngamia aliyefika kisimani. Shefu akaizima. Baada ya siku chache maji yakawa ya kijani, vyura wakahamia, wakaanza kuimba kwa zamu. Msimamizi akarudi. "Samahani," akasema, "majirani wanalalamikia vyura." Pampu ikawashwa tena. Taa za ukutani ziliwaka zenyewe kila giza likiingia, na hakuna aliyejua zinazimwa wapi. Na hakuna basi lililopanda kilima kile, maana kila aliyeishi huko alikuwa na gari, wengine mawili. Bi Sponji alikodi pikipiki asubuhi na jioni, na alipofika karakana alikuwa ameshatumia faida ya kiti kimoja kabla hajashika nyundo.

Huko karakana pia mambo yalikuwa yamegeuka. Wateja walipungua. Alipomuuliza mwenye duka la dawa, akaambiwa, "Watu wanasema umeacha kazi. Tajiri mwenye bwawa atashona makochi ya nini?" Muuza vitambaa, aliyekuwa akimpunguzia bei miaka yote, sasa alimtajia bei ya juu huku akitabasamu. "Wewe tena, Bi Sponji? Wewe wa kulia bei?" Na jamaa wakaanza kupanda kilima. Kuna shangazi ambaye hakuwa ameonekana tangu harusi yao. Alikuja na begi, akakaa, akasifu hewa. Kila mmoja alikuwa na shida ya kweli, na hilo ndilo lililomuumiza Bi Sponji. Hakuwa na mkono wa birika. Alitoa mpaka alipofungua pochi akaona kitambaa cha ndani.

Kwenye ofisi ya kodi ndipo alipokaa kitako kabisa. Mama mmoja mwenye miwani, mstaarabu, alimwelezea taratibu: nyumba ya zawadi inahesabiwa kama pesa uliyopata mwaka ule, na unailipia kodi kwa thamani yake, juu yake kuna ada ya kuhamisha hati. Akamwandikia jumla. Bi Sponji akaisoma, akaigeuza karatasi kuona kama kuna kosa upande wa pili. Pesa ile hakuwahi kuishika maishani mwake, hata ukikusanya makochi yote aliyoyashona tangu alipojifunza kazi.

"Lakini mama," akasema, "si nilipewa bure?"

"Ulipewa bure, ndiyo," yule mama akajibu kwa huruma. "Kuwa nayo ndiko si bure."

Hapo ndipo alipoingia Shemeji. Huyu alikuwa mdogo wake Shefu, mtu mwenye domo kubwa na moyo mzuri, aliyekuwa akijua kila kitu isipokuwa namna ya kupata pesa. Alikuwa ameshajipa cheo cha mshauri wa familia na kununua tai.

"Shemeji, usijikondeshe bure," akamwambia Bi Sponji. "Matajiri hawalipi kwa pesa zao. Wanakopa! Nyumba inakuwa dhamana, benki inalipa kodi, ninyi mnalipa kidogo kidogo. Kuna rafiki yangu atakuja kesho."

Rafiki akaja kweli, kijana wa benki mwenye viatu vya kung'aa, akakaa kwenye kiti chao kimoja kizuri. Alisema maneno matamu. Shefu alimwandalia keki kutoka kwenye lile tanuri, naye akala vipande vinne, na kwa kila kipande mkopo ulizidi kuonekana mwepesi. Shefu alikuwa akitikisa kichwa kukubali. Bi Sponji aliishika kalamu. Kitu kimoja tu kikamzuia: mikono yake. Ilikuwa imezoea kujua kama kitambaa kitatosha kabla mkasi haujagusa, na sasa ilikuwa inamwambia hakitoshi. Akaiweka kalamu chini.

"Niacheni mpaka keshokutwa," akasema. "Nina kiti cha mteja, kikiisha nitakuwa na akili."

Kiti kile kilikuwa cha mhasibu mmoja, mzee mstaafu, mwenye sauti nzito na desturi ya kukaa karakana akiangalia kazi. Bi Sponji alimweleza yote huku akichomoa misumari ya zamani. Mhasibu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba kipande cha msasa na kalamu, akaandika nyuma yake.

"Unapata hivi," akasema. "Shefu anapata hivi. Jumba linakula hivi. Mkopo utakula hivi. Jumlisha mwenyewe."

Bi Sponji akajumlisha. Akajumlisha tena kuanzia chini kwenda juu, akidhani labda itabadilika.

"Tukijinyima chakula wote watano, bado haitoshi."

"Na siku ukishindwa kulipa, benki inachukua nyumba, na ulichokwisha kulipa kinakwenda na maji. Utakuwa umenunua kwa miaka mingi kitu ulichopewa, halafu unanyang'anywa."

"Sasa nifanye nini, mzee wangu? Nikatae zawadi? Dunia nzima imeniona."

"Dunia nzima ilikuona na misumari mdomoni, na hukufa," Mhasibu akasema, na wote wawili wakacheka. "Uza. Mnunuzi aweke malipo ya kwanza kwa mwanasheria, hayo yalipe kodi, hati itoke, kisha umalizane naye. Kinachobaki ni chako kweli. Na kitabaki kizuri."

Kumwambia Shefu ndiyo ilikuwa kazi. Alimkuta jikoni anakanda unga mbele ya lile dirisha pana. Akamwekea kile kipande cha msasa kwenye meza ya mawe. Shefu alisoma, akaendelea kukanda. Akakanda mpaka unga ukawa mgumu.

"Miaka yote nimepika mahali ambapo siwezi kugeuka," akasema mwishowe. "Nimepata pa kugeukia, unaniambia tutoke."

"Nakuambia tutoke wenyewe kabla hatujatolewa."

"Najua. Nimesoma, si kipofu." Akafuta mikono. "Niache leo nikasirike. Kesho nitakuwa sawa."

Alikasirika siku ile nzima, kimya kimya, na chakula cha jioni kilikuwa kizuri kuliko siku zote. Kesho yake akawa sawa, karibu.

Ila mnunuzi wa jumba haokotwi barabarani. Wiki zikapita, miezi mitatu ikakaribia kwisha, na Bi Sponji, ili kuokoa nauli ya pikipiki, akaanza kuleta kazi nyumbani. Banda la magari lilikuwa tupu, kwa kuwa hawakuwa na gari. Akaweka humo sofa kubwa la watu watatu akaanza kugonga. Sheria za mtaa zilikataza biashara, naye alijua, lakini alifunga mlango na kugonga kwa adabu.

Siku ya pili mlango ukagongwa kutoka nje. Alikuwa jirani wa upande wa kushoto, mwanamke mrefu aliyeendesha ndege za abiria. Watoto wa mtaa walimwita Rubani, hata mbele yake. Alikuwa amevaa nguo ya kulalia mchana kweupe, nywele zimesimama.

"Dada, habari. Nimetua alfajiri. Nimelala saa moja tu. Nini kinapigwa humu?"

Bi Sponji akatema misumari kiganjani. "Nisamehe, mdogo wangu. Ni kochi. Nitanyamaza sasa hivi."

Rubani alikuwa ameshajiandaa kugomba, ungemwona, lakini macho yake yalitua kwenye sofa. Akalisogelea. Akapitisha kidole kwenye mshono, akabonyeza kiti, kikashuka kikapanda.

"Hili umelitengeneza wewe?"

"Lilikuja likiwa kichuguu."

"Nina seti nzima imebonyea katikati. Nikikaa na wageni tunakutana wote chini kama tumo shimoni. Duka limeniambia ninunue mpya. Njoo uangalie. Njoo sasa hivi, usingizi umeshakwisha."

Basi Bi Sponji akavuka ua na vipande vyake vya sponji kichwani. Akabinua kochi la kwanza, akapapasa chini, akatoa springi iliyovunjika, kijiko cha chai na hereni moja, ambayo Rubani aliishangilia kama jamaa aliyerudi kutoka safarini. Walikunywa chai. Kwa kuwa Rubani aliuliza maisha ya pale yanaendaje, na kwa kuwa Bi Sponji hakuwa na kipaji cha kuficha, alimwambia yote: vyura, taa zisizozimika, shangazi mwenye begi, kijana wa benki na vipande vyake vinne vya keki. Rubani alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mnauza?"

"Tunauza. Anunue nani?"

"Kaka yangu anarudi kutoka ng'ambo na mkewe na watoto sita. Wamenipa kazi ya kuwatafutia nyumba karibu na kwangu. Nimetembea mpaka viatu vimekwisha." Akaelekeza kidole dirishani, kwenye jumba lenye bwawa lenye umbo la figo. "Watoto sita wanapenda sana vyura."

Kaka mtu alipofika alikuwa mtu wa kupatana bei. Bi Sponji naye alikuwa amepatana bei maisha yake yote. Walikaa sebuleni, mwangwi ukirudia kila bei mara mbili, Mhasibu amekaa pembeni akikohoa kila bei iliposhuka mno. Shemeji, katika tai yake, aliingilia mara moja tu na kusema, "Na usisahau, bwana mkubwa, ngazi ni za kioo," jambo ambalo kila mtu aliliona tayari. Bibi alikuwa kwenye kiti chake, amefumba macho. Aliposikia bei imeganda, akafumbua moja.

"Kijana," akamwambia mnunuzi, "una watoto sita na mke. Jumla wanane. Vyoo vitano. Utapata wapi pengine?"

Mnunuzi akacheka, akapandisha. Wakapeana mikono. Shefu akakohoa.

"Kuna jambo moja," akasema. "Jiko haliuzwi. Jiko linakwenda nami."

Mke wa mnunuzi, ambaye hakupenda kupika na hakuficha, akasema achukue na sufuria zote.

Mambo yakaenda kama Mhasibu alivyosema. Malipo ya kwanza yakapita kwa mwanasheria, ofisi ya kodi ikapata chake, na yule mama wa miwani alipogonga muhuri akamwambia Bi Sponji kwamba wengi huja kwake wakiwa wameshachelewa. Kiwanda cha gundi kilinuna kidogo, maana kilipenda picha ya fundi kwenye bwawa. Lakini ofisa masoko, aliyekuwa amemzoea sasa, alikuja mwenyewe kumpongeza, na akapewa sahani ya chakula ya kwenda nayo. Shangazi aliposikia habari za kuuza, alikumbuka kwamba nyumbani kwake ameacha kuku hawajafungiwa, akaondoka na begi lake na mapaja mawili yaliyookwa.

Pesa iliyobaki ilikuwa nyingi kwa macho ya Bi Sponji, ingawa mtaani kulikuwa na waliomcheka. "Umeshinda jumba umeshindwa kulikalia!" mmoja akampigia kelele kutoka upande wa pili wa barabara. Bi Sponji akasimama, akapunga mkono. "Ni kweli!" akajibu kwa sauti. "Nimeliuza! Wewe lako umeliuza lini?" Barabara nzima ikacheka, na yule mtu akacheka pia, hakuwa mbaya, alikuwa na muda tu.

Walinunua nyumba ya kawaida katika mtaa wa kawaida, mahali basi lilipopita. Vyumba vinne, paa zima, ua mdogo nyuma, na mbele chumba kikubwa chenye mlango wa barabarani, ambacho zamani kilikuwa duka la vyombo. Hicho kikawa karakana. Walilipa pesa yote papo hapo, na akiba nyingine wakaiweka kwa ajili ya masomo ya mabinti, mahali ambapo Shemeji hakuambiwa.

Siku ya kuhamia, jiko la Shefu lilifika kwa lori likiwa limefungwa mablanketi kama mgonjwa. Wanaume wanne walilibeba mpaka mlango wa jikoni, na hapo ikajulikana kwamba hakuna aliyepima. Wakaligeuza ubavu, halikuingia. Wakaligeuza miguu juu, halikuingia. Shemeji alijipiga kifua akasema yeye ana maarifa, akaingia ndani avute, na jiko likaziba mlango, naye akabaki upande wa pili akichungulia kati ya mafiga.

"Nitoeni," akasema.

"Tulia hapo," Bibi akamwambia. "Angalau leo umekaa jikoni."

Bi Sponji alikaa chini akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akaenda kuleta nyundo yake kubwa na mtaimbo, akang'oa fremu ya mlango kwa mikono yake mwenyewe, akaitoa nzima bila kuipasua, na jiko likapita. Shefu aliliwasha kabla hata hajalifuta vumbi. Chumba kile kilikuwa nusu ya kile cha jumbani, lakini alizunguka mara moja mikono ameitandaza, na hakugusa ukuta.

Baada ya hapo maisha yalishika njia yake. Kwa kuwa Rubani alikuwa amewaambia wenzake wa kilimani, makochi yalianza kushuka kwa malori: makochi ya ngozi, viti vya kulia chakula, hata kiti cha daktari wa meno. Wale majirani ambao hawakuwahi kumsalimia getini sasa walimpigia simu kuomba zamu. Bi Sponji akawaajiri wanawake wawili wa mtaa, akawafundisha kunyoosha kitambaa na kubana misumari, na akawakataza kuongea nayo mdomoni, kwa sababu aliogopa watameza. Mwenyewe hakuiacha tabia ile.

Shefu aliacha hospitali mwaka uliofuata. Aliweka meza mbili uani, kisha nne, akawa anawapikia mafundi, wateja na madereva wa malori. Wauguzi walikuja kula kwake siku za mapumziko, wakasema hawakujua kumbe miaka yote ile mtu huyu alijua kupika. Bibi alikaa mlangoni kwenye kiti kirefu ambacho mkamwana wake alimshonea kwa kitambaa chekundu, akiwapokea watu, akiwauliza wametoka wapi na kama wameoa. Aliyejibu vizuri alipewa meza ya kivulini.

Ijumaa moja mchana Mhasibu alifika na mjukuu wake, bibi harusi mtarajiwa, aliyetaka makochi ya nyumba mpya na hakuwa na uhakika wa rangi. Bi Sponji akawafungulia marobota yote moja baada ya jingine, sakafu ikajaa kijani, njano na zambarau, mabinti wakaja kutoka shuleni wakajitupa juu yake na begi zao. Kila mtu akatoa maoni, Shefu naye kutoka dirishani, mwiko mkononi. Bibi harusi akachagua zambarau. Bi Sponji akautandaza mkanda wake wa kupimia, akatia misumari mdomoni, akaanza kazi.